Shahidi na Chombo Chake

Jumapili ya kwanza baada ya tarehe 3 Juni, katika makanisa ya Kikatoliki upande huu wa Lukenya, hukosi kumwona mama aliyetoka kuhiji Namugongo, Uganda. Mwaka huu nilikaa nyuma ya mmoja wao. Alikuwa ameshonewa gauni la kitenge kilichochapwa nyuso za Mashahidi wa Uganda, na fundi, kwa kubana kitambaa kisipotee, alikuwa amempitisha Karoli Lwanga kwenye mshono wa bega. Mama alipopiga magoti, wale vijana walikunjamana, aliposimama, wakanyooka. Mtoto aliyepakatwa kando yangu alinyoosha kidole akamgusa Kizito machoni. Hakuna aliyemkemea.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikizitazama chapa za mbao za Ulaya ya karne ya 15 zinazoonyesha vifo vya mashahidi wa Kikristo, na siku hiyo nilielewa jambo ambalo vitabu vya sanaa havikuwa vimenifafanulia vizuri. Chapa hizo hazikutengenezwa zitundikwe ukutani ili watu wazitazame kwa mbali. Zilikuwa za kuguswa, kukunjwa, kubandikwa, kubebwa mwilini. Kitenge cha Namugongo ni ndugu yao wa karibu kuliko mchoro wowote wa rangi uliomo katika jumba la makumbusho.

Undugu huo una asili yake. Ulaya ilichapa nguo kwa mbao kabla haijachapa karatasi. Kuna kipande cha ubao kilichopatikana Ufaransa mwishoni mwa karne ya 19, kiitwacho Bois Protat kwa jina la mchapaji aliyekimiliki, ambacho kilichongwa mwishoni mwa karne ya 14. Kinaonyesha akida wa Kirumi na askari wake chini ya msalaba wa Yesu. Picha nzima ilikuwa kubwa mno kwa karatasi za wakati ule, na ndiyo sababu wataalamu wengi wanaamini kuwa ilikusudiwa kitambaa. Kisha karatasi ikapatikana kwa wingi. Ulman Stromer alifungua kinu cha karatasi Nuremberg mwaka 1390, na kizazi kimoja baadaye picha za watakatifu zilikuwa zikiuzwa kwa mahujaji kwa bei ambayo hata mtumishi wa nyumbani aliimudu.

Mchonga vinyago wa Wamunyu angeielewa kazi yenyewe bila mwalimu. Uchongaji wa biashara ulishika mizizi Ukambani baada ya Mutisya Munge kurudi na ujuzi alioupata Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na mpaka leo tunajua kumtafuta twiga ndani ya gogo. Mchongaji wa Nuremberg alitafuta mstari juu ya ubao. Ubao wa mti wenye nyuzi laini zilizoshikana, kama mpea, ulilazwa, ukachorwa, kisha kila kisichokuwa mstari kikaondolewa kwa kisu. Kilichobaki kimesimama ndicho kilichopokea wino. Na yote yalichongwa kinyume: mkono wa kulia wa shahidi ulichongwa kushoto, na maneno ya sala yalichongwa kana kwamba yanasomwa kwenye kioo. Kisu kikiteleza mara moja, mstari umekatika na haurudi. Rangi ilitiwa baadaye kwa mkono, mara nyingi kwa haraka, na nyekundu ya damu ikamwagika nje ya jeraha. Nimeziona nakala ambazo damu imechuruzika mpaka kwenye nyasi.

Picha hizo ziliombwa zifanye kazi. Ile ya Mtakatifu Kristofa yenye tarehe 1423, iliyokutwa imebandikwa ndani ya jalada la kitabu katika monasteri ya Buxheim na ambayo sasa iko Manchester, ina maandishi yanayomwahidi mtazamaji kwamba siku atakayoutazama uso wa mtakatifu huyo hatakufa kifo kibaya. Dereva wa lori anayepita hapa chini kwenye barabara ya Mombasa akiwa na picha ya Moyo Mtakatifu juu ya usukani hahitaji kuelezwa ahadi hiyo. Chapa nyingine, yenye tarehe 1437, ilitoka monasteri ya St. Blasien katika Msitu Mweusi wa Ujerumani. Inamwonyesha Mtakatifu Sebastiani amefungwa huku wapiga mishale wakimlenga, na chini yake kuna sala ya kuomba kinga dhidi ya tauni. Watu waliokumbuka jinsi tauni ilivyoangamiza miji kuanzia mwaka 1347 waliiona kama mishale inayoshuka kutoka juu bila kuchagua mtu. Aliyepigwa mishale akabaki hai ndiye waliyemtaka karibu na kitanda.

Akabaki hai: hapo pana jambo ambalo watazamaji wengi hulipita. Kwa mujibu wa masimulizi ya kale, mishale haikumuua Sebastiani. Alitibiwa akapona, akarudi kumkemea mfalme, ndipo akapigwa marungu mpaka akafa. Chapa hazikujali marungu. Katarina wa Aleksandria huonyeshwa na gurudumu lenye misumari, ilhali gurudumu lilivunjika kabla halijamgusa na upanga ndio uliomkata kichwa. Yohane Mwinjili huonyeshwa ndani ya pipa la mafuta yanayochemka, naye alitoka mzima. Wapo kina Laurenti, ambaye chuma cha kuchomea ndicho kilichommaliza, na Bartolomeo aliyechunwa ngozi. Lakini mara nyingi ajabu chombo kinachomtambulisha shahidi ni kile kilichoshindwa kumuua. Upanga ulimaliza kazi kwa wengi, kwa hiyo upanga haukumtofautisha mtu. Gurudumu lililovunjika lilimtofautisha, kwa sababu kuvunjika kwake kulionyesha mkono wa Mungu.

Kwa msomi wa Kilatini tofauti hizo zilikuwa zimeandikwa katika Legenda Aurea, mkusanyo wa maisha ya watakatifu ulioandikwa na Jacobus de Voragine katika karne ya 13, na ambao mchapaji Günther Zainer wa Augsburg aliutoa kwa Kijerumani na kwa picha nyingi miaka ya 1471 na 1472. Kwa asiyesoma, chombo ndicho kilichokuwa jina. Mwenye koleo na jino ni Apolonia, mwombezi wa anayeumwa meno. Mwenye macho kwenye sahani ni Lusia. Kanisa la leo lina kadi, vitabu vya katekisimu na redio; mwanakijiji wa mwaka 1450 alikuwa na koleo.

Nyuso nazo? Zimetulia. Mtu anachomwa, anakatwa, na uso wake ni kama wa mtu anayesubiri zamu yake kisimani. Maelezo ya kawaida ni ya kiimani, kwamba shahidi tayari anamwona Mungu. Mtu aliyewahi kushika kisu atakuwa na maelezo mengine. Uso wenye upana wa kidole kimoja, kwenye ubao uliochongwa kufuata nyuzi zake, hupokea nukta mbili, upinde mmoja na mstari wa mdomo. Maumivu yanahitaji mistari midogo ambayo ubao ungeivunja. Je, utulivu ni wa imani au wa kisu? Albrecht Dürer anatusaidia kujibu. Kufikia mwaka 1498 wachongaji waliofanya kazi kwa michoro yake waliweza kuonyesha kivuli cha misuli, manyoya, moshi. Katika chapa yake ya kifodini cha Katarina, moto wa mbinguni unalipasua gurudumu, watu wanaanguka, mnyongaji anashika upanga, na Katarina aliyepiga magoti bado ametulia. Sasa kisu kiliweza na bado hakikufanya. Kwa hiyo naamini kwamba utulivu ulianza kwa sehemu kama upungufu wa ubao, ukazoeleka, ukawa mafundisho.

Maumivu na chuki vyote vikahamishiwa usoni mwa muuaji. Wanyongaji wa chapa hizi wana pua zilizopinda, midomo wazi, nguo za kubana zisizo na heshima. Na baada ya Waturuki kuiteka Constantinople mwaka 1453, walioamuru mauaji walizidi kuvishwa vilemba. Katika mfululizo wa Dürer wa Ufunuo wa Yohane, uliochapwa mwaka 1498, kaisari wa Kirumi anayesimamia pipa la mafuta amevaa kama sultani wa Kituruki. Hasira ya wakati wa mchoraji ilivikwa dhambi ya miaka 1,400 iliyopita. Hapa ndipo ninapoanza kuziogopa chapa ninazozipenda.

Hofu hiyo ina jina la mji: Trento, kaskazini mwa Italia, Pasaka ya mwaka 1475. Mtoto mdogo aitwaye Simon alipatikana amekufa. Wayahudi wa mji huo wakasingiziwa kwamba walimuua kwa ajili ya damu yake. Wakateswa mpaka wakakiri wasichokifanya, na wanaume wa jamii yao wakauawa. Mwaka huohuo kitabu kidogo chenye picha za mbao kilitoka katika matbaa ya Albrecht Kunne mjini humohumo. Picha zilimpa mtoto kila alama ya shahidi: chombo, wauaji wenye sura mbaya, mwili uliotulia. Miaka 18 baadaye, mwaka 1493, kitabu kikubwa cha historia ya dunia cha Hartmann Schedel kilichapwa Nuremberg na Anton Koberger, kikiwa na picha zaidi ya 1,800, na Simon alikuwemo, amesimama mezani kati ya watu wanaomchoma visu, kila mmoja akiwa ameandikiwa jina. Msomaji wa Poland au Hispania hakuwa na njia ya kuupima uongo huo. Aliuona umechongwa kwa mkono uleule uliochonga mitume. Kanisa Katoliki lilifuta ibada ya Simon mwaka 1965, baada ya miaka 490.

Kitabu hichohicho cha Schedel kina siri nyingine ya matbaa. Zile picha zaidi ya 1,800 zilitoka katika mbao zipatazo 650 tu. Uso wa mfalme mmoja uliitwa mwingine kurasa chache mbele. Mji mmoja ukapewa jina la mji wa pili. Haukuwa udanganyifu kwa macho yao. Lakini ukiwa na ubao wa shahidi tayari, kinachobaki ni kubadilisha jina chini yake, na mwenye ubao ndiye anayeamua ni jina la nani.

Waprotestanti walilijua hilo. John Day alichapa Uingereza mwaka 1563 kitabu cha John Foxe kuhusu mashahidi wao waliochomwa na Wakatoliki, na mbao zake zinafuata mtindo uleule wa watu wa kale: moto, uso mtulivu, maneno yakitoka mdomoni. Wamennoni wakafuata kwa mabamba ya shaba. Jan Luyken aliwachorea picha 104 za kitabu chao cha mashahidi mwaka 1685. Kati yake ipo ya Dirk Willems, ambaye mwaka 1569 alivuka barafu akikimbia, akageuka kumwokoa askari aliyekuwa akimfukuza akazama, kisha akakamatwa na kuchomwa. Hiyo naiona kuwa picha bora ya kifodini iliyowahi kuchapwa, kwa kuwa shahidi anamnyoshea muuaji mkono na uso wa muuaji ni wa binadamu. Wamennoni waliofika Shirati, mkoani Mara, mwaka 1934 walitoka katika jamii iliyolelewa na kitabu hicho.

Sasa tuje kwetu, maana hapa kuna mashahidi waliopata ubao na waliokosa.

Waliokosa ni wa Mombasa. Agosti 1631, Yusuf bin Hasan, sultani aliyelelewa na Wareno kule Goa na kubatizwa Dom Jerónimo Chingulia, aliingia Ngome ya Yesu, akamuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa na kuichukua ngome. Katika siku zilizofuata Wareno na Wakristo Waafrika waliokataa kuiacha dini yao waliuawa. Ushahidi wa kiapo ulikusanywa Goa ili watangazwe mashahidi, na karatasi zikabaki karatasi. Hakuna picha yao iliyosambaa, hakuna chombo kinachowatambulisha, hakuna gauni linaloshonwa nyuso zao. Wakazi wengi wa Mombasa, wakimtaja Yusuf, humkumbuka kama mtu aliyeasi dhidi ya wadhalimu, na wana haki ya kumbukumbu hiyo pia. Lakini fikiria: wanawake na watoto waliokufa kwa ajili ya imani katika mji ambako watalii hupita kila siku wakipiga picha za mizinga, na hatuna hata mstari mmoja wa nyuso zao.

Waliopata ni wa Buganda. Kati ya mwaka 1885 na 1887 Kabaka Mwanga aliwaua Wakristo ambao orodha zinazokubalika zinawahesabu 45: Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Kundi kubwa lilichomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886, likiwa limefungwa katika mikeka ya matete. Habari zilipofika Ulaya, magazeti na vitabu vya misheni vilikuwa bado vikichapa picha kwa mbao, kwa hiyo mashahidi hawa walikutana na ufundi wa mababu wa Dürer. Na walikutana na tatizo ambalo ufundi huo haukuwa na jibu lake. Hakuna gurudumu lililovunjika. Hakuna mishale iliyoshindwa. Moto wa Namugongo uliwashwa na ukafanya kazi yake mpaka mwisho. Wala mtu mmojammoja hakuwa na chombo chake, kwani wengi walikufa pamoja kwa njia moja.

Ndiyo maana picha za Mashahidi wa Uganda huwaonyesha kama umati. Wanasimama bega kwa bega, vijana wenye kanzu nyeupe, na idadi yenyewe imekuwa alama: 22. Katika basilika ya Namugongo, iliyobuniwa na Justus Dahinden wa Uswisi na kuwekwa wakfu mwaka 1975, nguzo za shaba zinazoshika paa ni 22. Ni jibu zuri, na ninalipenda, lakini lina mpaka kama ubao ulivyo na ukingo. Wale 23 wa Kianglikana wamebaki nje ya nguzo hizo. Papa Paulo wa Sita aliwataja kwa heshima siku alipowatangaza wale 22 kuwa watakatifu, tarehe 18 Oktoba 1964. Kutajwa kwa mdomo hakukuwaingiza katika kitenge. Mama niliyekaa nyuma yake hakubeba hata mmoja wao mgongoni, ingawa baadhi yao walifungwa katika matete ya aina moja na kuchomwa na mnyongaji mmoja, Mukajanga.

Na Mwanga? Picha za misheni zilimgandisha akiwa dhalimu kijana, kama kaisari wa Dürer. Hazikuwa na nafasi ya yaliyofuata: kwamba aliasi dhidi ya Waingereza mwaka 1897, akakamatwa, akapelekwa Shelisheli, akabatizwa huko kwa jina la Danieli, akafa mwaka 1903. Sisemi hivyo kumsafisha damu. Ubao huchongwa mara moja, naye aliishi miaka 17 baada ya moto.

Lukenya yenyewe inanilazimisha kuuliza swali gumu zaidi. Septemba 1954 wapiganaji wa Mau Mau walilivamia gereza la hapa wakawatoa wafungwa. Miaka hiyohiyo, upande wa Murang'a, Wakikuyu Wakristo waliokataa kula kiapo cha Mau Mau waliuawa, na Kanisa la Kianglikana likaamua kuwajengea kanisa la kumbukumbu. Geoffrey Fisher, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliweka jiwe la msingi mwaka 1955. Kuita watu hao mashahidi kulikuwa kweli kwa familia zao, na wakati huohuo kulikuwa silaha mkononi mwa serikali iliyokuwa ikiwafungia maelfu ya Waafrika kambini. Mchoraji angeombwa kuchora nini? Mbao za kale zilikuwa na jibu tayari: shahidi mtulivu, muuaji mwenye sura mbaya, panga. Nchi ingeambiwa kila Jumapili nani alikuwa mnyama.

Kazi ilimwangukia Elimo Njau, kijana kutoka Kilimanjaro aliyesomea Makerere kwa Margaret Trowell. Kufikia mwaka 1959 alikuwa amechora kutani picha kubwa tano: kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na kusulubiwa. Watu wake ni Waafrika, milima ni ya Murang'a, Kristo ni mweusi. Hakuchora hata kifo kimoja cha Mkikuyu. Katika kanisa la mashahidi, anayeuawa ukutani ni mmoja tu, na waumini wa pande zote mbili za vita walijua kumlilia. Miaka ya 1950 sijui kitendo cha sanaa kilichohitaji ujasiri zaidi nchini mwetu. Njau aliukataa ubao mzima, si kwa kutoujua.

Kamera nayo imeleta njia nyingine. Mwenyeheri Anuarite Nengapeta, mtawa aliyeuawa na waasi wa Simba huko Isiro, Kongo ya mashariki, tarehe 1 Desemba 1964, alitangazwa mwenyeheri Kinshasa mwaka 1985, na picha zake hutokana na uso wake halisi. Mara nyingi huonyeshwa bila risasi wala singe. Pembeni huwekwa Bikira Maria, kwa sababu alikuwa akibeba sanamu yake ndogo mfukoni. Kwa mara ya kwanza katika hadithi hii ndefu shahidi anatambulishwa kwa kitu alichokipenda.

Chapa za karne ya 15 zilizotufikia ni chache, na nyingi zilipona kwa kuwa zilikuwa zimebandikwa ndani ya majalada ya vitabu au vifuniko vya masanduku, mahali zisipoguswa. Zile zilizofanya kazi kweli, zilizobusiwa, zilizoshonwa ndani ya nguo za wagonjwa, zililika zikaisha. Baada ya misa nilimsalimu yule mama nikamuuliza kitenge chake amekinunua lini. Akaniambia hiki ni cha pili. Cha kwanza alikifua mpaka nyuso zikafutika, na hakuweza kukifanya tambara la kupangusia kwa sababu kilibarikiwa, basi amekikunja akakiweka sandukuni, chini ya nguo za ubatizo za wanawe.